Chensoo inawaka dakika 2 inazima: kabla hujampa fundi hela ya pistoni

Mkuu nimekusoma. Chensoo ya mtumba, inawaka fresh, inaenda dakika 2 au 3 inazima, ukiiacha kidogo inawaka tena, ikikata mti unafuka moshi na mkato unapinda, fundi kasema pistoni imekufa lete hela. Usitoe hata mia kwanza. Mimi ninayo mwaka wa 7 huu hapa Kibaha, kazi yake ni miembe miwili, mkorosho na mwarobaini unaolalia bati, yani inafanya kazi labda mara 4 kwa mwaka, na huo mtihani wako nimeufanya karibu wote.

Anza na mfuniko wa tenki la petroli. Ikizima tu, usisubiri ipoe, legeza mfuniko taratibu usikilize. Ukisikia fyuuu hewa inaingia, afu ukaifunga ikawaka palepale, basi ugonjwa umeuona: tenki halipumui. Mafuta yakipungua lazima hewa iingie kuziba ile nafasi, sasa kile kitundu cha hewa kikiziba na vumbi la mbao kabureta inavuta mafuta hayaji. Ukiiacha dakika 10 hewa inapenya mdogomdogo inawaka, wewe unadhani imepoa kumbe imevuta pumzi.

Kama haikutoa sauti, chukua waya ukunje ncha, ingiza kwenye tenki uvute kale kampira, mwisho wake kuna filta ndogo. Yangu filta ilikuwa safi tu ila mpira wenyewe ulikuwa umepasuka nyufa nyufa kama kandambili za zamani, unavuta hewa badala ya mafuta, mpira mpya nikanunua kwa hela ya chips. Hili usilipuuze maana mashine ikipata mafuta kidogo ndo pistoni inachemka kweli sasa, utamtimizia fundi ndoto yake. Filta ya hewa igonge gonge na uioshe, plagi ichomoe uone kama imejaa masizi, na pale kwenye ekzosi nyingi zina kawavu kadogo kanaziba masizi pia.

Kuhusu pistoni kuna kipimo cha kienyeji. Zima swichi, shika mpini wa kamba ya kuwashia uinue mashine ining'inie kwenye hiyo kamba. Ikishuka kwa kusuasua, inakwama kidogo inashuka tena, kompresheni ipo, yani pistoni bado inabana hewa. Ikiporomoka puu kama ndoo kisimani, hapo fundi ana hoja.

Na hizi za kutumia mara mojamoja haziuawi na kazi aisee, zinauawa na kukaa na mafuta. Petroli iliyochanganywa na oili ya tuki (2T) mimi siiweki zaidi ya mwezi. Nikimaliza kazi namwaga tenki, nawasha mpaka inajizimia yenyewe, ndo inaingia stoo. Kipimo changu ni 50 kwa 1, lita 1 mililita 20 za oili, nimenunua sindano ya mililita 20 duka la dawa napimia hiyo. Ila zile za bei chee nyingi zinataka 25 kwa 1 yani mililita 40, angalia kilichoandikwa kwenye yako, usikopi yangu. Shemeji yangu aliazima, mafuta yakamwishia akajaza petroli tupu ya chupa barabarani, akakata tawi moja la pili ikakaba kimoja. Hiyo pistoni niliilipia mimi kwa sababu shemeji ni shemeji.

Haya moshi. Kabla ya yote angalia cheni isije ikawa imevalishwa kinyume, usicheke, mimi nilishawahi kusukuma mti wa watu nusu saa jasho linanitoka. Juu ya ba (lile bapa refu cheni inapozungukia), meno yanatakiwa yaangalie mbele kwenye ncha. Afu cheki breki ya cheni isiwe imeshika, maana hapo inayofuka ni klachi. Vyote viko sawa? Weka kipande cha boksi jeupe chini, washa, elekeza ncha bila kugusa chini, piga resi: lazima mstari wa oili uonekane. Hauonekani, fungua kava utakuta kale katundu ka oili na mfereji wa ba umejaa uji wa vumbi, kwangua. Watu wengi wanaweka oili chafu ya gari, mimi nimeacha, ile ina vumbi la chuma inakula pampu.

Kupinda sasa, hiyo ni meno ya upande mmoja kuwa butu au mafupi kuliko mwingine. Cheni kali inatoa vipande, cheni butu inatoa unga kama wa sembe, na mtu akiona unga anakandamiza, ndo moshi. Nunua tupa ya duara ya saizi ya cheni yako, hizi ndogo nyingi ni milimita 4, ilaze kwa pembe ya nyuzi 30, sukuma kwenda nje tu usirudishe, kila jino idadi ileile, mimi napiga 3. Maliza upande mmoja ndo ugeuke. Na kabla ya kukata mwembe wa uani upapase kwanza, wangu ulikuwa na msumari wa kamba ya nguo umemezwa na gome, meno kama 10 yalikwenda kwa sekunde. Mnazi nao unakula cheni vibaya, ukikata mmoja andaa tupa kabisa.

Ukiwasha weka mashine chini, breki imeshika, na usikate kwa ncha ya juu ya ba, inaruka kukufuata usoni.

Kajaribu ule mfuniko leo jioni afu urudi useme, ilitoa fyuu au haikutoa? Na taja modeli.