Ekzosi imeoza, nizibe mwenyewe au ninunue nyingine?

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari langu la siku nyingi limeanza kunguruma vibaya, nikachungulia chini nikakuta bomba la ekzosi limeliwa na kutu kabla tu ya sailensa, kuna tundu kidole kinaingia. Nimepeleka sehemu nikaambiwa nibadilishe mfumo mzima toka mbele mpaka nyuma, na hela hiyo sina. Wengine wananiambia pasti (ile dawa nzito ya kuzibia ekzosi) inatosha, mwingine kasema nizungushie kopo la soda nifunge na waya. Spana nashika kidogo. Nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwanza hilo la mfumo mzima usikubali haraka, ekzosi huwa haiozi yote kwa mpigo. Petroli ikiungua inatoa maji, tena mengi, lita 1 ya petroli inakupa karibu lita 1 ya maji ambayo hutoka kama mvuke. Mbele karibu na injini kuna moto mkali kwahiyo mvuke unapita tu, ila ukifika huku nyuma kwenye bomba la baridi unageuka maji yanatuama kwenye sailensa na kwenye mikunjo, na maji yenyewe yana asidi asidi. Ndo maana gari la safari fupi fupi, dukani na kurudi, linaoza nyuma mapema kuliko la masafa marefu, halipati moto wa kutosha kuyakausha.

Sasa kabla hujanunua kitu chochote chukua bisibisi kuukuu, ingia chini injini ikiwa imepoa kabisa, gonga bomba lote taratibu ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bubu na magamba yanakumwagikia usoni, kwahiyo vaa miwani ya kazi, kutu ikiingia jichoni hutaisahau. Pale palipo bubu sukuma bisibisi kwa nguvu kidogo. Ikizama, hapo hapafai, na tundu unaloliona kwa macho mara nyingi ni dogo kuliko uozo wenyewe. Chora mstari kwa chaki pale chuma kizima kinapoanza pande zote mbili. Huo mstari ndo unaamua kila kitu, maana kiraka kinashika kwenye chuma kizima tu, ukikiweka juu ya kutu unapoteza hela na siku nzima.

Na kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake sitaki hata kusikia. Weka stendi, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, zuia tairi, litikise gari kabla hujajiingiza.

Kama uozo ni kipande cha bomba tu na sailensa yenyewe haijaoza, fanya hivi. Kata kipande kibovu chote kwa msumeno wa chuma, mikato miwili kwenye mistari yako. Pima kipenyo cha bomba kwa nje halafu tafuta kipande cha bomba ambacho kwa ndani kinalivaa hilo la kwako bila kulegea, kirefu cha kutosha kupanda juu ya chuma kizima sentimita 5 hivi kila upande. Sugua ncha kwa brashi ya waya mpaka uone chuma kinang'aa, paka pasti ya ekzosi kidogo, valisha, funga na klampu mbili. Ili upate nafasi ya kuingiza itabidi uchomoe raba zinazoning'iniza ekzosi, zipake maji ya sabuni zitateleza. Nati za kutu zipulizie oili ya kulegeza toka jana yake, na ikigoma usiikomalie upande mmoja, kaza kidogo, legeza kidogo, kaza tena, hivyo hivyo mpaka ikubali. Usije ukaipasha moto kwa gesi wakati tenki la mafuta liko hapo karibu! Ila bolti za kule kwenye manifodi, pale ekzosi inapoungana na injini, kama zimegoma ziache, zikikatikia ndani utalipa zaidi ya ulichotaka kuokoa.

Pasti peke yake au bandeji ya ekzosi, ule utepe wa kuzungushia bomba, ni kwa kitundu kidogo au jointi inayovuja, na huku nyuma tu. Ikishapakwa iache ishike, kisha washa gari liungurume bila kuondoka ili joto liikaushe kama pakiti inavyosema. Kopo la soda likufikishe nyumbani basi, ile ni aluminiamu nyembamba, halidumu. Na kama sailensa ndo imeoza usiizibe kabisa, nunua hiyo moja ufunge mwenyewe, bado ni nafuu sana kuliko mfumo mzima.

Ukimaliza washa injini ikiwa ya baridi, uwe nje kwenye hewa, pulizia maji ya sabuni kwenye jointi. Povu likichemka bado panavuja, rudia. Hapa usipuuzie, kwenye moshi kuna kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina rangi wala harufu, na tundu lililo chini ya viti linaweza kuipenyeza ndani ya gari. Ukiendesha ukasikia kichwa kinauma au kichefuchefu, simama, shuka.

SWALI: Mimi nataka kuchomelea kabisa, mashine ninayo. Kuna la kuangalia?

JIBU: Chomoa betri kwanza, la sivyo unaweza kuua olteneta (inayochaji betri) au kompyuta ya gari. Waya wa athi, ule wa mashine wenye kibanio, ubane karibu kabisa na unapochomea. Ukiweza ishushe ekzosi uchomelee pembeni, maana juu yake kuna mipira, nyaya, na paipu za mafuta na breki. Bomba lililopakwa zinki usilichomelee hivi hivi, moshi wake unakupa homa, isugue zinki yote itoke na ukae upepo ulipo.

SWALI: Ekzosi yangu inavuja mbele, kelele sio kubwa ila taa ya injini imewaka na gari linakula mafuta. Inahusiana?

JIBU: Inaweza. Tundu likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, hewa ya nje inaingia humo, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Angalia gasketi ya manifodi (kile kizibo chembamba cha kwenye jointi), masizi meusi yatakuonyesha panapovuja. Huku mbele pasti haikai, badilisha gasketi.

SWALI: Chini ya sailensa kuna kitundu kidogo cha duara kinadondosha maji asubuhi. Nakiziba na nini?

JIBU: Usikizibe! Hicho kama ni duara safi kimetoka nacho kiwandani, ni cha kutolea maji yale yale niliyoyasema hapo juu. Kama ulishakipaka pasti, kizibue.