Kulinda kura ukiwa wakili mchanga

Wakili mwenzangu, umeuliza kama mtu wa mwaka wa pili kazini, asiye na jina mahakamani, anaweza kusaidia kulinda kura Kenya mwaka 2027. Anaweza, na kazi huanza kabla ya kesi. Keti na mawakala wa wagombea wa wadi yako: wasome tarakimu za fomu 36A (fomu ya matokeo ya kituo kwa kura ya mwakilishi wadi) kabla ya kutia sahihi, wadai nakala, na wakikataa kusaini waandike sababu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais kwa dosari za upeperushaji wa matokeo na fomu, si kwa kelele za mikutanoni.

Halafu kuna siku 28 za kuwasilisha kesi ya kupinga matokeo ya wadi. Hapa wengi huteleza. Zinahesabiwa tangu matokeo kutangazwa, si tangu kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali; ndivyo mahakama hiyo ilivyoamua mwaka 2014 katika kesi ya Gavana Joho wa Mombasa.

Dhamana ya gharama, yaani fedha ambazo mlalamishi huweka mahakamani kwa ajili ya gharama za kesi, kwa kesi ya mwakilishi wadi ni shilingi 100,000, ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha. Mwambie mteja mapema. Mimi hulitaja hilo kabla hata ya chai.