Ukishtuka usiku usijigeuze: kurudi ndotoni huku unajijua

Mkuu, umesema unalala saa nne, alamu saa tisa na nusu, unajilaza tena ukitaka kuota huku unajua unaota, halafu ama unapitiwa mpaka adhana ya alfajiri, ama usingizi unakata unabaki kuhesabu mabati. Muda wako uko sawa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Ndoto za mzunguko wa kwanza ni za dakika chache, zile ndefu zinakuja ukishalala masaa matano hivi. Unapoharibu ni sekunde kumi za mwanzo baada ya kushtuka.

Alamu inayolia mpaka uinyooshee mkono imeshakutoa. Weka mlio mfupi wa sekunde tano unaojizima wenyewe. Ukishtuka usifumbue macho, usijigeuze, usijikune. Mwili bado umelegea kama ulivyokuwa ndotoni, na ulegevu huo ndio mlango. Rudisha kipande cha mwisho cha ndoto, ila usikitazame kama sinema, kiguse. Kama ulikuwa kwenye daladala, kamata bomba la juu, sikia ubaridi wa chuma, sikia gari linavyokuyumbisha kwenye kona na konda anapopiga bodi. Kugusa kunavuta kuliko kuona. Ndani ya dakika moja au mbili, bomba linakuwa bomba kweli.

Ndoto ikiwa imeshafutika, chezesha kidole cha shahada na cha kati kwa zamu, kama unabonyeza kinanda, lakini kidogo mno kiasi kwamba aliyelala pembeni haoni kitu. Baada ya nusu dakika, bana pua na uvute pumzi. Hewa ikipita, uko ndani. Hapa wengi wanapotea: wanaona chandarua kilekile, feni ileile, wanaamini wamefeli, wanaamka kwenda kuoga, kumbe kuamka kwenyewe ni ndoto.

Ukishajigeuza, njia hiyo sahau. Amka, kaa kama dakika 20 kwenye mwanga hafifu bila simu, andika ulichoota. Ukirudi kitandani tumia njia ya LaBerge, mtafiti wa Stanford: jiambie kwamba ukiota tena utakumbuka unaota, huku ukijiona ndani ya ndoto ileile unagundua kitu kisicho cha kawaida. Maneno matupu bila picha hayafanyi kazi. Usingizi ukikata, usiku mwingine punguza hadi dakika 10. Ukipitiwa, ongeza hadi 40. Na umeme ukikatika feni ikasimama, kwa joto la Januari utagaagaa tu. Ahirisha.

Ukijikuta umekabwa, yaani jinamizi, usiogope. Umeamka kabla ulegevu haujaachia, basi. Ulegevu huo haugusi macho, na pumzi inaendelea. Ndiyo maana mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne aliweza kurekodi ishara za macho za Alan Worsley, ambaye aliyapeleka kushoto na kulia huku amelala na anaota. Kwa hiyo usipigane nalo: pumua taratibu, zungusha macho, litapita. Kulala chali hulileta zaidi, lala kiubavu.

Mara mbili kwa wiki inatosha, tena usiku wa kuamkia siku ya mapumziko. Anayeendesha bodaboda asikate usingizi wake katikati ya juma kwa ajili ya hili, na mwenye historia ya kusikia sauti zisizokuwepo aache kabisa.

Ukiingia, usishangilie, furaha inakutoa mara moja. Sugua viganja, papasa ukuta, usikodolee kitu kimoja. Picha ikififia, sugua tena. Ikizimika kabisa ukajihisi uko kitandani, baki vilevile macho yamefumbwa na ukamate bomba upya. Mwili bado haujaamka.