Akili ya hisia wodini: jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi Mtwara

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwenzako anayekariri kuliko wote darasani anapwaya wodini, na kama hii "akili ya hisia" ni maneno matupu. Si maneno matupu. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliieleza mwaka 1990 kuwa ni uwezo wa kutambua hisia zako na za wengine, kuzitofautisha na kuzitumia kuongoza fikra na matendo.

Chukua mfano wa huku kwetu. Msimu wa kupulizia mikorosho, mzee anakuja anakohoa, macho mekundu. Aliyekariri anaandika mafua. Anayefikiri anauliza, "Babu, jana ulikuwa shambani na salfa?" maana vumbi la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, linawasha macho na njia ya hewa. Ila mzee hatakujibu vizuri kama umeingia umenuna au umeanza kumfokea kwa kuchelewa. Usipomtuliza hupati habari, na bila habari utachambua nini?

Mtihani nao? Utulivu unasaidia, lakini famasia haifauliwi kwa upole, hesabu za dozi lazima uzipige. Jipime na hili: mama katoka kujifungua, mapigo ya moyo 120 kwa dakika, presha 110/70. Wengi husema presha nzuri, wanapita. Mtu akivuja damu, mapigo hupanda kabla presha haijashuka. Funua shuka uangalie damu.

Ukitoka zamu andika mistari mitatu: uliona nini, ulidhani nini, ulihisi nini. Daftari langu la mwaka wa kwanza bado ninalo, nusu yake malalamiko.