Kiuno kwenye pikapu, anza na siti

Mkuu umeuliza ufanyeje kiuno kisiume kwenye Hilux singo kebini (pikapu yenye mstari mmoja tu wa siti) ukitoka Tabora hadi Kigoma, mi nakwambia anza na siti kabla hujanunua kitu kingine. Hizi gari zikizeeka sponji inalala upande wa dereva, unakalia vyuma na magoti yanapanda juu, hapo hata ukiongeza mto haisaidii maana unazama palepale. Peleka kwa fundi makochi atoe kava, aweke sponji ngumu, ile ukiikandamiza na ngumi inarudi yenyewe, na pale mbele kwenye mapaja iwe juu kidogo. Singo kebini siti hailali sana kwa sababu nyuma kuna ukuta, kwahiyo kunja taulo weka pale kiunoni, na waleti itoe mfuko wa nyuma aisee, watu wanaidharau ila inapindisha nyonga siku nzima.

Halafu vumbi. Bana karatasi mlangoni, funga, ivute, ikitoka kirahisi ujue mpira wa mlango umekufa, badilisha. Joto na kelele za injini weka kapeti nene chini ila lisifike kwenye pedeli kabisa, hiyo ni hatari.

Na toka Tabora alfajiri, maana jioni ukielekea Uvinza, njiani kwenda Kigoma, jua linakupiga usoni, kioo kikiwa na mikwaruzo macho yanachoka kabla ya mgongo. Kila masaa mawili simama, shuka utembee, hata kama mzigo unasubiriwa.