Maswali yenu ya dezati rozi: kitako kinaoza, maua hayatoki, mbuzi kala

Jamani tangu mvua zianze simu yangu haipumziki, na karibu wote mnauliza mmea mmoja, dezati rozi, waridi la jangwani, lile la shina nene kama mbuyu mdogo na maua ya pinki. Kwaiyo leo najibu ya kwake tu. Mengine ya mikadi na asumini yasubiri kidogo.

Mama mmoja wa Chuno, Mtwara, anauliza: "Nililinunua kipindi cha korosho likiwa na maua kibao. Sasa majani yamegeuka njano yanadondoka na shina chini limekuwa laini. Nimeongeza maji lakini naona ndo linazidi. Nifanyeje?"

Mama shikamoo. Kwanza acha maji, leo hiihii, usisubiri kesho. Hilo haliumwi kiu, linaoza. Shina lile ni ghala la maji, mmea umejiwekea akiba ya miezi kadhaa, sasa kwa mvua zetu hizi za Desemba mpaka Aprili udongo haukauki kabisa na we unaongeza juu yake, mizizi inakosa hewa inaoza halafu uozo unapanda juu taratibu. Majani ya njano yanafanana kabisa na ya mmea wenye kiu ndo maana watu wengi wanadanganyika. Mi mwenyewe wa kwanza niliupoteza hivohivo, nilikuwa naumwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, na bado unaniuma mpaka leo maana alinipa marehemu shangazi.

Bonyeza kitako, yaani ile sehemu nene ya shina chini, kwa dole gumba. Kizima kinakuwa kigumu kama kiazi kitamu kibichi, kilichooza kinabonyea kama papai lililoiva sana. Kama sehemu laini haijazunguka shina lote, linapona. Vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi maana utomvu wake ni sumu, ng'oa mmea wote, suuza udongo. Mizizi iliyokufa utaijua, ukiivuta ganda linachomoka mkononi kunabaki kamba nyembamba, hiyo yote kata. Halafu chukua wembe au kisu kikali ulichofuta na spiriti, anza kukwangua palipooza, na kila ukikata futa tena kisu. Utaona nyama ya kahawia, kata, itakuja ya njano yenye vidoti, kata tena, endelea mpaka ufike kwenye nyeupe safi isiyo na doa hata moja. Hapo ndo wengi wanaona huruma wanaacha kadoti kamoja wanasema kadogo haka, na baada ya wiki mbili uozo umerudi wote. Usione huruma mama. Hata ukibaki na nusu ya kitako kitaziba.

Ukimaliza paka unga wa mkaa uliosagwa laini, au mdalasini wa unga, au dawa ya fangasi ya unga kama unayo. Ning'iniza mmea kivulini penye upepo, mizizi ikiwa nje, wiki moja mpaka mbili, kwa unyevu wa sasa hivi bora mbili. Kidonda kikikauka kikawa kama kizibo cha chupa ndo unapanda, kwenye mchanganyiko mkavu, na usimwagilie wiki ya kwanza.

Mchanganyiko wenyewe ni huu, na ni kwa wote mnaouliza udongo: makopo mawili ya mchanga mkubwa wa mtoni au changarawe ndogo, kopo moja la chenga za mkaa, kopo moja la samadi iliyooza ikawa kama udongo. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi. Ukimwaga maji juu yanatakiwa yatokee chini hapohapo, yakituama juu hata kidogo ongeza changarawe. Poti iwe na matundu, uiinue juu ya matofali mawili, na kipindi hiki iweke barazani, ila sio pale ukingoni maji ya bati yanapodondokea, nimeona watu wanasema nimeliingiza ndani ya paa kumbe linapata mvua mara kumi.

Kijana wa Mikindani: "Tumebishana kijiweni, mwenzangu anasema hili ua limetoka Thailand. Mi nasema ni la Afrika. Nani kashinda?"

Umeshinda we mdogo wangu, na nimefurahi sana kuulizwa hili. Mmea huu ni wa huku, unaota wenyewe kuanzia Senegali, unafuata ukanda wote wa chini ya Sahara, unashuka Afrika Mashariki pamoja na Tanzania, na ng'ambo mpaka Uarabuni. Jina lake la kitaalamu, Adenium obesum, limetokana na Aden kule Yemeni, na mtu aliyeuandika kwanza kitaalamu ni mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, kitabu chake kikatoka 1775, yeye mwenyewe alishafia Yemeni huko. Ila wazee wa huku walishaujua zamani sana kabla ya kitabu chochote, Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi wanachemsha utomvu wake wanapaka kwenye mishale ya kuwindia.

Mwenzako naye hajakosea kabisa. Watu wa Thailand na Taiwan ndo wamezalisha yale yenye maua ya kupandana kama waridi lenyewe, meusimeusi, ya njano, ya mistari, yanakuja huku yanauzwa ghali. Mazuri sijakataa, lakini la asili la pinki lenye koo jeupe ndo linalovumilia jua letu bila kubembelezwa, ningekuwa na sehemu ya poti moja tu ningeweka hilo.

Na naomba sana, ukiliona porini usilichimbe. Mti wa shina nene vile una miaka mingi, ukiung'oa mizizi inakatika na mara nyingi unafia kwenye poti. Chukua mbegu.

Ambayo inanileta kwa mwalimu wa Nachingwea: "Langu limetoa vitu kama pembe mbili za mbuzi. Ndo mbegu? Na je nikipanda tawi badala ya mbegu?"

Ndo zenyewe mwalimu, hongera, sio wengi wanapata maana chavua imejificha ndani kabisa ya ua na wadudu wengi hawafiki. Sasa zifunge leo. Chukua uzi zungushia pembe zote sehemu mbili tatu, au zivishe soksi kuukuu. Zikikomaa zinageuka kahawia zinapasuka zenyewe kwa mstari mmoja, na ndani utakuta mbegu zimepangwa kama njiti za kiberiti zilizokatwa fupi, kila moja ina manyoya ya dhahabu huku na huku. Upepo ukipita dakika moja zimeondoka zote, ukija jioni unakuta ganda tupu.

Panda mapema usizihifadhi sana, mbichi ndo zinaota vizuri. Zilaze kwenye kiriba chenye mchanga na mkaa, funika kidogo tu zisionekane, nyunyiza maji, weka penye mwanga bila jua kali. Siku ya nne, ya tano, utaona vichwa. Zikiwa na majani sita hivi hamishia kila moja kwenye poti yake. Ua la kwanza ukilitunza vizuri ni ndani ya mwaka mmoja, mwaka na nusu.

Tawi nalo linashika, ulikaushe siku kadhaa kabla ya kupanda, na faida yake rangi inabaki ya mama. Mbegu rangi inaweza kuja nyingine. Ila tawi halitoi kile kitako kinene cha kuvutia kama la mbegu, kwaiyo mi napanda mbegu. Na kila ukibadilisha poti uliinue mmea juu kidogo, sentimeta mbili tatu, mizizi minene ionekane nje, ndo yale maumbo mnayoyaona kwenye picha.

Dada wa Lindi mjini: "Langu ni majani tu, yamejaa mpaka raha, lakini ua hata moja sijaona. Liko chini ya mwembe, naliwekea yurea kila mwezi."

Umejijibu dada yangu. Litoe chini ya mwembe, linataka jua la masaa sita kwenda juu, ila usilitoe ghafla siku moja, lisogeze kidogokidogo wiki nzima lisije likaungua. Yurea acha, inalisha majani tu. Tumia kidogo sana mbolea ya NPK, ile yenye namba tatu kwenye mfuko, chagua yenye namba ya kati na ya mwisho kubwa, na mvua zikiisha kata matawi marefu, theluthi moja hivi, kwa kisu safi. Maua yanatoka kwenye ncha, tawi moja ukilikata linatoa ncha mbili tatu mpya.

Kaka wa Shangani: "Kisima chetu maji yana chumvi. Yanafaa?"

Kwa dharura tu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa poti, ndo chumvi imekaa. Kinga maji ya mvua sasa hivi kwenye madumu utumie kiangazi, mmea huu haunywi mengi.

Baba wa Tandahimba: "Majani yamekuwa kama yamepauka, chini kuna utando kama wa buibui. Nina salfa ya unga imebaki ya mikorosho, naweza kupuliza?"

Hao ni utitiri baba, wadogo mno, weka karatasi nyeupe chini ya jani uligonge utaona vumbi linatembea. Salfa inawaua, ndiyo, ile mnayopulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Ila kwa mmea mmoja wa poti usilete bomba, jaribu kwanza kuosha majani chini kwa maji ya nguvu kila baada ya siku mbili, mara nyingi inatosha. Ukitumia salfa paka kidogo, jioni, sio jua la saa sita maana inaunguza majani, na kama ulishapaka mafuta ya mwarobaini usiweke salfa mpaka zipite wiki mbili. Na funika pua, unajua mwenyewe ile vumbi inavowasha.

Mama wa Masasi: "Mbuzi wa jirani kala matawi mawili kisha kalala. Na mi nina mtoto anatambaa. Nilitunze au nilitupe?"

Pole sana mama, na mbuzi mpelekeni mganga wa mifugo mumwambie kala nini, msimchinje mle. Sumu ya huu mmea inagusa mapigo ya moyo, sio tumbo tu, kwa mnyama na kwa binadamu. Mtoto akitafuna mtoe mabaki mdomoni, msuuze, kata kipande cha tawi mbebe nacho, kimbieni hospitali. Msimpe maziwa kwanza, msimtapishe, msisubiri muone. Utomvu ukiingia machoni osha kwa maji mengi muda mrefu, halafu aliyeingiwa apelekwe hospitali akaangaliwe.

Kulitupa sio lazima. Liweke juu, kwenye ukuta au juu ya pipa ambapo mtoto hafiki, majani yanayodondoka fagia kila asubuhi maana anayetambaa anaokota vya chini. Mi langu nililiweka juu ya tangi la maji mpaka mjukuu alipofika miaka mitano ndo nikalishusha. Lakini kama nyumba yako haina pa juu na mbuzi wanaingia wanavyotaka, mpe mtu asiye na mtoto alitunze kwanza, utachukua mbegu baadae.

Na wa mwisho, binti wa Kilwa: "Mwaka jana mwezi wa saba lilipukutika lote nikalia nikalitupa. Lilikuwa limekufa?"

Kitako kilikuwa kigumu? Basi lilikuwa hai mwanangu, lilikuwa limelala. Kiangazi chetu ndo usingizi wake, porini hata maua linatoa likiwa halina jani. Mwaka huu likipukutika lipe kikombe kimoja kila baada ya wiki mbili tatu, mbolea usiweke, na kila Jumamosi libonyeze kwa kidole. Nitumie ujumbe nikupe mbegu, mwezi huu pembe zangu zinapasuka.