Dozi Imepandishwa, Mwili Bado Mzito

Safari hii tumekusanya maswali ya wasomaji wanaotumia levothairoksini, yaani kidonge cha homoni ya thairoidi, kwa sababu tezi ya thairoidi iliyoko shingoni imelegea, imetolewa kwa upasuaji, au imezimwa kwa matibabu ya iodini ya mionzi. Kwa wasiozoea vipimo: TSH ni sauti ya ubongo ikiisukuma tezi. Homoni ikipungua mwilini sauti hupanda, ikizidi sauti hushuka. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4.0 hivi kuwa sawa kwa mtu mzima asiye mjamzito.

Swali: *Dozi yangu ilipandishwa kutoka maikrogramu 50 hadi 75 wiki mbili zilizopita. Bado nachoka, nasikia baridi na nywele zinakatika. Nilipima mwenyewe, TSH imetoka 11 ikawa 9.8 tu. Jirani anayetumia dawa hii ananiambia nimeze 100. Nifanye hivyo? — Msomaji wa kike, Morogoro*

Jibu: Usifanye, dada. Dawa hii haina haraka. Ukimeza leo, baada ya siku 7 hivi nusu yake ingali mwilini. Kwa hiyo dozi mpya hujijenga juu ya mabaki ya ile ya zamani: wiki ya kwanza umepata karibu nusu ya ongezeko lile la 25, wiki ya pili robo tatu, na mpaka wiki ya tano ndipo unalipata karibu lote. TSH nayo huchelewa nyuma ya homoni yenyewe. Ile 9.8 yako ni picha ya gari lililo bado njiani, na hela ya kipimo hicho imepotea bure.

Pima tena wiki 6 hadi 8 tangu siku ulipoanza 75. Ukirukia 100 sasa, daktari atasoma majibu ya dozi mbili zilizochanganyika na hatajua ipi imefanya nini. Uchovu na baridi kwa kawaida hutangulia kupungua. Nywele huwa za mwisho, huweza kuchukua miezi kadhaa hata baada ya TSH kutulia. Andika kwenye kalenda tarehe ya kila badiliko la dozi, maana kwenye kadi ya kliniki mara nyingi haionekani.

Na dozi ya jirani ni ya jirani. Kuna wazee na wenye ugonjwa wa moyo wanaoanzishiwa maikrogramu 12.5 au 25 tu, kwa makusudi, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole haupaswi kushtuliwa.

Swali: *Nina kilo 60. Nimepandishwa 75, kisha 100, sasa 125, na TSH haijawahi kushuka chini ya 8. Sikosi hata siku moja. Nameza asubuhi na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu ili nisisahau. — Mama wa watoto wanne, Mwanza*

Jibu: Mama, tupige hesabu kwanza. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kilo 60 mara 1.6 ni 96. Wewe uko 125 na bado TSH iko juu, kwa hiyo dawa unaimeza lakini inaelekea haifiki yote kwenye damu.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu hushikana na levothairoksini tumboni, vikatoka pamoja chooni. Kalsiamu hufanya vivyo hivyo, na dawa za kutuliza kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu pia. Chai ya maziwa, kahawa, na uji wa lishe wenye soya navyo hupunguza kiasi kinachopita. Utaratibu ni huu: ukiamka, kidonge na glasi ya maji matupu, subiri nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo chai. Vidonge vya damu visogeze mchana au jioni, saa 4 au zaidi baada ya kidonge cha thairoidi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu husahau. Ukirekebisha unywaji huku ukiendelea na 125, dawa yote itaanza kuingia, na baada ya wiki chache utakuwa umezidishiwa: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukataa, tumbo kuharisha. Mweleze daktari wako kwanza jinsi ulivyokuwa unameza, mkubaliane dozi ya kuanzia upya na tarehe ya kipimo. Tungethubutu kusema dozi nyingi zinazopandishwa mara tatu mfululizo zilipaswa kutanguliwa na swali moja tu: unameza na nini?

Mweleze pia dawa nyingine zote. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, hupunguza ufyonzwaji. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, huifanya homoni iishe haraka mwilini. Hapo dozi huhitaji kweli kupanda, na huhitaji kushushwa tena dawa hizo zikikoma.

Swali: *Ramadhani nameza saa ngapi? — Mombasa*

Jibu: Wengi hufaulu zaidi na kidonge cha kulalia, saa 3 au zaidi baada ya kula. Saa 3 hizo zinahesabiwa tangu kaimati ya mwisho, si tangu tende ya kufuturu, na kahawa ya baada ya tarawehe pia inahesabika. Njia ya pili ni kuamka nusu saa hadi saa moja kabla ya daku. Ni sahihi, ila mtu akichelewa kuamka huishia kumeza na chakula. Chagua moja uishike mwezi mzima.

Swali: *Nimepima mimba leo, ninayo. Natumia 100. Kliniki ya wajawazito nitaanza mwezi ujao. — Dodoma*

Jibu: Usisubiri mwezi ujao, wasiliana na anayekutibu thairoidi leo au kesho. Wiki za mwanzo mtoto anategemea homoni yako, na mahitaji hupanda mapema. Mwongozo unaotumiwa sana ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki mara mimba inapothibitika: badala ya 7, unameza 9, kwa mfano viwili siku ya Jumanne na viwili Ijumaa. TSH ipimwe kila wiki 4 hivi mpaka katikati ya mimba. Utapewa vidonge vya damu kliniki. Vimeze, ila kwa pengo lile lile la saa 4. Ukijifungua, dozi kwa kawaida hurudi ilivyokuwa kabla ya mimba, na kipimo hufuata baada ya wiki 6.

Swali: *TSH yangu ni 0.05. Daktari amenishusha kutoka 150 hadi 125. Nilijisikia vizuri kwenye 150, kwa nini aniharibie? — Nairobi*

Jibu: Kwa sababu kujisikia vizuri hakuonyeshi kinachoendelea kwenye moyo na mifupa. Homoni ikizidi kwa muda mrefu, moyo huweza kupoteza mpangilio wa mapigo, na mifupa hupungua uimara, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Wiki za kwanza baada ya kushushwa unaweza kujiona mzito. Vumilia mpaka kipimo cha wiki 6. Maumivu ya kifua au mapigo yanayorukaruka si ya kuvumilia, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mambo mawili ya kuuliza. Kama uliwahi kutibiwa saratani ya thairoidi, TSH ya chini huenda ilikusudiwa. Na kama unameza biotini, ile inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, inaweza kudanganya mashine ya maabara ikaonyesha TSH ya chini isiyokuwepo. Iache angalau siku 2, upime upya kabla ya kukubali dozi yoyote kubadilishwa.

Swali: *Nilikuwa natumia 100, huku Muscat boksi limeandikwa 0.1. Ni ndogo sana? — Oman*

Jibu: Ni ile ile. 0.1 ni miligramu, na miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Kwa hiyo 0.05 ni 50, na 0.025 ni 25. Lakini ikiwa kampuni imebadilika, pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8, maana kidonge cha kampuni moja huenda kisifyonzwe sawasawa na cha nyingine. Na kwa joto la huko, usiviache kwenye gari wala kuvitoa kwenye karatasi yake ya aluminiamu kabla ya wakati wa kumeza.

Swali: *Nasikia kabichi na sukuma wiki si nzuri kwa tezi. Je, niziache? — Kisumu*

Jibu: Vikipikwa, kula.